Nusu ya Neno Iliyompoza Mtemi Gubari

Kaeni vizuri, kila mtu apate pa kunyoosha miguu. Anayetaka kukohoa akohoe sasa hivi, maana nikishafika kwa Mtemi Gubari sipendi kukatizwa, na yeye mwenyewe hakupenda kukatizwa.

Zamani hizo neno pole halikuwa na kazi tunayolipa leo. Lilikuwa neno la mwendo tu. Ukitaka mwenzako apunguze haraka ulimwambia polepole, basi, ikaishia hapo. Mtu akijikwaa mbele yako akaanguka na kibuyu chake cha maziwa, hukuwa na la kumwambia. Au tuseme lilikuwepo la kumwambia, ila lilikuwa baya. Uliinua mikono yote miwili juu ya kichwa ukasema, "Si mimi."

Ndivyo walivyoishi. Mama akiunguzwa na mvuke wa chungu, wanawe wote pale jikoni walisema si mimi. Mzee akiteguka kifundo cha mguu, wajukuu wakasema si mimi, hata yule mdogo aliyekuwa bado ananyonya alifundishwa kuinua mikono. Kukitokea msiba, wafiwa walijifungia ndani peke yao, na majirani wakipita nje ya ua walisema si mimi kwa sauti kubwa ili wasikike, kisha wakaenda zao shambani. Msiwaone wabaya. Walikuwa na sababu yao, na sababu hiyo ilikuwa na pembe mbili.

Nchi yenyewe iliitwa Majabali Saba, na miaka ile majitu walikuwa bado wanakaa pamoja na watu. Wengi wao walikuwa majitu wa kawaida, urefu wa mvule, wapole kiasi, unaweza kumwomba mmoja akusogezee mwamba shambani akausogeza. Lakini mkuu wao, Mtemi Gubari, hakuwa wa kawaida hata kidogo. Akisimama wima mawingu yalimfika kiunoni, na watoto wa kijiji cha Mwamapembe walikua wakiamini kwamba mvua inatoka kwenye shuka yake. Mabegani mwake paliota kuvumwani nene kama kichaka, na mwewe walijenga viota humo bila yeye kujua. Mkanda wake ulikuwa wa magogo ishirini yaliyofungwa kwa minyororo. Rungu lake lilikuwa kipande cha kimondo alichokidaka kwa mkono mmoja kikiwa bado kinaanguka, na alama ya kuungua ilibaki kiganjani mwake, ndefu kuliko barabara ya hapa mpaka mtoni.

Sasa sikilizeni, maana mtu huyu hakuogopwa bure na wala hakupendwa bure. Upande wa magharibi wa nchi ile milima ilikuwa imeachana, na katika mwanya huo, ulioitwa Mlango, walipenya mazimwi wasio na macho waliokula watu pamoja na nyumba zao. Gubari ndiye aliyeuziba Mlango ule kila walipokuja. Alisimama pale na kimondo chake, akapiga, na pigo moja liliwalaza mazimwi saba. Wazee waliowahi kumwona akipigana walishindwa kusimulia. Wakifika katikati ya habari walibaki wakitazama mikono yao. Bila yeye kusingekuwa na Mwamapembe, na kila mtu alilijua hilo.

Tatizo lilikuwa hasira. Hasira ya Gubari haikuhitaji sababu kubwa. Nzi alitosha. Chafya iliyokataa kutoka ilitosha. Pembe zake mbili zilikuwa za kijivu akiwa ametulia, zikawa za kahawia akianza kukerwa, zikawa nyekundu akikasirika, na zikifika weupe wa chuma kinachofuliwa, visima vilikauka na majani ya paa yalishika moto yenyewe. Tena alikuwa na swali moja tu akiumia. Aliuliza, "Nani?" Aliyekuwa karibu, au aliyechelewa kukana, huyo ndiye aliyehesabiwa kuwa mkosaji. Ndiyo maana watu walijifunza kuinua mikono na kusema si mimi, na walipokwisha kuzoea kumwambia Mtemi, wakaanza kuambiana wao kwa wao.

Pale Mwamapembe palikuwa na mtu aliyewekwa kazi maalumu, jina lake Shigela, cheo chake Mtazamapembe. Alikaa juu ya mwamba mrefu tangu jua linachomoza, mbele yake limening'inizwa jembe bovu, mkononi ana nyundo. Pembe zikiwa za kahawia aligonga mara moja, watu wakaingiza mbuzi zizini. Zikiwa nyekundu aligonga mara tatu, na hapo kila mwenye miguu alikimbilia mapangoni. Shigela alijiona mtu mkubwa sana. Hata salamu aliitikia kwa kugonga.

Na mwisho wa kijiji, karibu na kijito chenye udongo mzuri, aliishi mfinyanzi mmoja mwanamke aliyeitwa Kalunde. Aliishi na mama yake, Nyamizi, ambaye miguu yake ilikuwa imekufa ganzi miaka mingi. Jembe likigonga mara tatu, Kalunde alimbeba mama yake mgongoni, akamfunga kwa kanga mbili kama mtoto, akapanda naye mlimani huku mama akimwelekeza pa kukanyaga. Walifika wa mwisho kila mara. Mama alikuwa akisema kwamba safari zile zilimfurahisha, kwa kuwa zilimtoa nyumbani.

Kazi ya ufinyanzi haitaki papara. Chungu kilichotoka motoni ukikiharakisha kinapasuka. Ukikimwagia maji kwa pupa kinapasuka. Ukikiweka chini kwa kishindo, ndiyo hivyo hivyo. Kwa hiyo kila aliyefika kwa Kalunde kununua au kusaidia kubeba, alikutana na neno lake moja. Polepole. Ukiinama, polepole. Ukinyanyua, polepole. Majirani walimcheka, wakampa jina la Bibi Polepole, na walipopita njiani walikuwa wakitembea kwa kujivuta makusudi ili wamuudhi.

Ikatokea siku moja, asubuhi jua limeshapanda, Mtemi Gubari alikuwa anarudi kutoka Mlangoni. Alikuwa amepigana siku tatu bila kulala. Pembe zake zilikuwa tayari za kahawia, na Shigela alikuwa ameshagonga mara moja. Njia ya Mtemi ilipita nyuma ya kijiji, pale penye jabali moja jeusi lililokuwepo tangu dunia inaumbwa. Gubari, kwa usingizi, hakuliona. Akaligonga kwa kidole kidogo cha mguu.

Nyote hapa mmewahi kukigonga kidole hicho kwenye mguu wa kitanda. Basi fikirieni kidole chenye ukubwa wa ghala.

Ngurumo iliyotoka kifuani mwake ilisikika hadi nchi ya tatu. Ndege walidondoka kutoka angani wakiwa wazima, wakabaki wamekaa chini wameduwaa. Pembe zilivuka wekundu bila kusimama, zikawa nyeupe, na joto likashuka kijijini kama mlango wa tanuri umefunguliwa. Shigela aligonga mara tatu, akaona hiyo haitoshi, akagonga ya nne ambayo haikuwa na maana yoyote, kisha akaitupa nyundo na kukimbia. Kijiji kizima kilipanda mlima mikono juu, watu wakipiga kelele si mimi, si mimi, si mimi, na sauti zao zilizidi kumchoma Mtemi.

"Nani?" akauliza, na milima ikaurudisha mwangwi. "Nani?"

Kalunde hakukimbia. Siku mbili kabla ya hapo mama yake alikuwa ameteleza kutoka kitandani akavunjika nyonga, na ukimgusa tu alikuwa anazimia kwa maumivu. Hakuna namna angeweza kumfunga mgongoni.

"Nenda, mwanangu," alisema Nyamizi akiwa amelala chali. "Mimi nimeshakula chumvi nyingi. Nenda haraka."

"Niende wapi, Mama?"

"Mapangoni, na wenzako."

"Nikakae nao nikiwaza nini?" alisema Kalunde. Akamfunika mama yake mpaka kidevuni, ingawa kulikuwa na joto la kuua, akatoka nje.

Mtemi Gubari alikuwa anakuja kwa mguu mmoja. Ule mwingine ameushika kwa mikono miwili, anarukaruka, macho ameyafumba kwa uchungu, na kila akitua ardhi inainuka na kushuka kama kifuniko cha sufuria. Mruko mmoja, mawe yakaporomoka. Mruko wa pili, ua wa jirani ukawa haupo. Kalunde alitazama urefu wa hatua ile, akatazama kibanda alimolala mama yake, na akajua mruko wa tatu utatua wapi.

Alisimama uwanjani, mikono ina udongo mpaka kwenye viwiko. Hakuwa na silaha, hakuwa na mpango. Akafanya kile alichokuwa anakifanya kila siku mtu akikaribia vyungu vyake. Akavuta pumzi, akapaza sauti ili aseme polepole. Lakini joto la Mtemi lilimwingia kinywani, pumzi ikamkatikia katikati, na neno likatoka nusu.

"Pole..."

Wayo ukasimama hewani. Ulikuwa juu yake kabisa, umefunika jua, na kwenye nyufa zake palikuwa na miti mizima iliyong'oka na mizizi yake. Udongo ulimdondokea Kalunde kichwani. Kwa muda ambao hakuna aliyeweza kuupima, kitu kile hakikushuka wala hakikuondoka. Kisha kikasogea kando taratibu, kikatua juu ya vyungu arobaini alivyokuwa amevianika, vyote vikawa vumbi, na Kalunde hakusema neno juu ya vyungu vyake.

Mtemi aliinama. Mawingu yaligawanyika, uso ukashuka, mkubwa kuliko kijiji, nyusi zinafuka moshi. Hakuna mtu wa Mwamapembe aliyewahi kuuona uso ule kwa karibu. Kalunde aliona kwamba ulikuwa na makunyanzi ya mtu asiyelala vizuri.

"Umesema nini?"

Angeweza kusema ukweli, kwamba alitaka kumwambia atembee taratibu. Lakini nani anamfundisha Mtemi kutembea? Akashika ile nusu iliyotoka.

"Nimesema pole, Mtemi."

"Pole nini?"

"Pole tu."

Pembe zilitoa mlio wa chuma. "Wewe ndiye uliyeliweka lile jabali?"

"Hapana, Mtemi. Lile lipo tangu bibi yangu hajazaliwa."

"Kwa hiyo si wewe."

Hapo ndipo alipotakiwa kuinua mikono. Maneno yalikuwa yameshafika ulimini, maana ameyasema tangu utotoni. Lakini macho yake yaliangukia kile kidole. Ukucha ulikuwa umeng'oka nusu, damu nyeusi inatiririka mpaka kwenye mfereji wa barabara, na kidole chenyewe kilikuwa kinatetemeka. Kalunde hakuwahi kufikiri, hata siku moja, kwamba Mtemi Gubari anaumia. Alidhani anakasirika tu. Akaona huruma, na huruma ilimshangaza yeye mwenyewe kuliko hofu.

"Si mimi niliyekuumiza," alisema. "Lakini naona imekuuma. Pole, baba."

Hakuna aliyewahi kumwita baba. Wale ndege waliodondoka wakapata nguvu wakaruka zao.

"Inauma," alisema hatimaye, na ilikuwa sauti ndogo kuliko zote alizowahi kutoa. Vyombo vya ndani vilitikisika tu, havikuvunjika. "Inauma hasa."

"Kidole kidogo ndicho kinachouma kuliko vyote," alisema Kalunde. "Kaa chini, baba. Polepole, ndani kuna mgonjwa."

Na Mtemi Gubari, aliyedaka kimondo, akakaa chini polepole. Akaweka mguu wake kijitoni, kijito kikafurika. Kalunde alichota maji kwa chungu kimoja kilichosalia ndani, akayamwaga kwenye kidonda kidogo kidogo kama anavyopoza chungu kilichotoka motoni, kwa kuzunguka, bila haraka, mvuke ukipanda mpaka akawa haoni mikono yake. Alimwaga mara nyingi sana. Pembe zikatoka kwenye weupe zikaja kwenye wekundu, zikakaa hapo kitambo, zikawa za kahawia. Mwisho zikawa za kijivu, kijivu cha majivu ya jana.

Mtemi alijishika kifua kama mtu anayetafuta kitu mfukoni. "Nimepoa," alisema kwa mshangao.

Kule mapangoni Shigela alichungulia, akaona pembe za kijivu zimeinama usawa wa mapaa ya nyumba, akawatangazia watu kwamba Mtemi amekufa. Wakashuka wakilia, maana nani sasa atasimama Mlangoni? Wakamkuta amekaa, na Kalunde anamfunga kidole kwa mikeka kumi na miwili iliyoshonwa pamoja. Walisimama mbali. Mikono ikapanda yenyewe.

"Si mimi," walianza.

Pembe zikaingia ukahawia.

"Teremsheni mikono," alisema Kalunde bila kugeuka. "Mwambieni pole."

"Kwani sisi ndio tuliomkwaza?" aliuliza Shigela.

"Siyo nyinyi."

"Sasa tuseme la nini? Si itakuwa tumekiri?"

"Imemuuma, Shigela. Ndiyo hiyo tu."

Shigela aliwaza, na kuwaza hakukuwa kazi yake. Ila alikuwa na macho ya kazi, akaona rangi ya pembe inavyopanda. Akateremsha mikono, akasema pole Mtemi kwa sauti ya kunong'ona, akafumba macho akisubiri kufa. Hakufa. Wengine wakafuata, mmoja mmoja, na kila pole iliyosemwa ilipunguza kidogo rangi ya zile pembe.

Basi mapango yakaota nyasi. Mtemi akijikwaa, akichubuka, akirudi kutoka Mlangoni amekatwa na mazimwi, kijiji kizima kilitoka njiani kikasema pole Mtemi, naye akajibu nimepoa, akapita. Lakini msidhani watu walikuwa wameelewa. Walilitumia neno lile kama mtu anavyomtupia mbwa mkali mfupa. Wao kwa wao waliendelea vile vile. Jirani akiungua, si mimi. Neno pole lilikuwa la mwenye pembe, kwa kuwa asiye na pembe ukimnyamazia hawezi kukufanya kitu.

Nyamizi alipona nyonga, akaishi mavuno mawili zaidi, akiwasimulia wateja wa vyungu jinsi wayo wa Mtemi unavyonuka kwa karibu. Halafu alasiri moja, akiwa kwenye mkeka wake, alimwambia Kalunde ana usingizi, akalala, hakuamka. Hapakuwa na ugonjwa wala aliyekosea. Kalunde alikuwa amesimama mbele ya jitu kwa ajili ya mama huyu, na sasa hapakuwa na adui wa kumkabili.

Alifunga mlango, kama desturi ilivyotaka, akakaa na maiti peke yake. Nje majirani walianza kupita. Alizitambua sauti zao zote. Si mimi, alisema jirani wa kulia. Si mimi, alisema fundi wa mikeka. Si mimi, alisema Shigela, kwa cheo. Kalunde hakulia. Alikaa macho makavu, kifua kinamwaka, na kila sauti iliyopita ilimwongezea upweke.

Kisha maji kwenye mtungi yakaanza kutikisika.

Mtemi Gubari alipiga magoti nje ya ua, kwanza goti moja, halafu la pili, na alilishusha kila moja kwa uangalifu mkubwa. Mlango ukafunguka kwa upepo wa pumzi yake, na jicho moja likaujaza wote.

"Kalunde. Nimesikia mama ametutoka."

"Ndiyo, baba."

"Nani?" aliuliza Mtemi. Lilimtoka tu, kwa mazoea.

"Hakuna mtu. Ni umri."

Nje, watu waliona pembe zikipanda rangi. Zilikuwa zinatafuta wa kumpiga na hakuna wa kupigwa, si jabali, si zimwi, si mtu. Zilifika kwenye wekundu. Watu walitazama upande wa mapango. Halafu, kwa shida, kama mtu anayenyanyua kitu kizito kuliko kimondo, Mtemi akasema:

"Si mimi niliyekuumiza. Lakini naona imekuuma. Pole, mwanangu."

Hapo ndipo Kalunde alipolia. Alilia kwa sauti, alilia mpaka akashika ukingo wa mlango asianguke, na Mtemi hakuondoa jicho lake.

"Umepoa?" aliuliza baadaye.

"Bado, baba."

"Basi nitakaa."

Akakaa. Alikaa uani kwa Kalunde siku ile na siku ya pili, mgongo wake umekinga upepo, hasemi kitu. Majirani walitazama kwa mbali. Aliyeanza ni fundi wa mikeka, alikuja na mkeka mmoja, akautandika karibu na kisigino cha Mtemi, akateremsha macho, akasema, "Pole, Kalunde." Hakuwa anamwogopa Kalunde, na hakuna aliyemlazimisha. Akaja mwingine na maji, mwingine na uji. Shigela alishuka mwambani, akakaa chini kama watu wengine. Walimzika Nyamizi pamoja, kwa mara ya kwanza tangu kijiji kiwepo, na walipomaliza wakarudi wakakaa tena.

Siku ya tatu, jua likiwa utosini, ilisikika baragumu kutoka magharibi. Majitu wa kawaida waliobaki wakilinda Mlangoni walikuwa wanaita. Baragumu lililia mara moja, likalia tena, na mara ya tatu likakatika. Kila mtu alielewa. Mazimwi walikuwa wanapenya.

Mtemi alisikia kuliko wote. Masikio yake yaligeuka. Lakini hakuinuka. Alimtazama Kalunde.

"Umepoa?"

Hakuna aliyethubutu kumwambia Kalunde ajibu nini. Walimtazama tu, na watoto waliokuwa wameegemea kisigino cha Mtemi nao wakamtazama. Kalunde alijigusa kifua. Alijua mambo ya joto. Hiyo ndiyo kazi yake. Kilikuwa cha moto bado, moto kabisa, na angejua uongo wa mtu mwingine kwa kumwekea kiganja tu.

"Nimeshapoa, baba," alisema.

"Umeshapoa?"

"Nimeshapoa. Asante."

Mtemi alimtazama kwa muda mrefu. Naye alijua mambo ya joto. Akainuka, kivuli chake kikapita juu ya kijiji chote, akachukua kimondo, akaenda. Alasiri ile nzima milima ya magharibi ilinguruma, anga la upande ule likawa na mwanga mweupe wa pembe, na watu walisimama kimya uani kwa Kalunde wameshikana mikono, wasijue kama wanaogopa au wanaabudu. Jua lilipokaribia kuzama, ngurumo zilikoma. Mlango ulikuwa umezibwa.

Asubuhi iliyofuata alirudi. Alikuwa anachechemea, amechanika bega, damu imemkaukia mbavuni, na watu wakapanga mstari njiani wakimwambia pole. Hakusimama. Alipita kwao, akapita njia ya kwenda kwake, akafika tena kwenye ua ule wa mwisho wa kijiji, akapiga magoti.

"Umepoa kweli?" aliuliza.

"Bado kidogo," alisema Kalunde.

Akakaa.

Na tangu siku hiyo mpaka hii ya leo, mtu akijikwaa mbele yetu tunamwambia pole, ingawa jiwe hatukuliweka sisi. Kukitokea msiba tunatandika mikeka, tunakaa, hata tukiwa hatuna la kusema. Mwenye kuumia naye hujibu nimeshapoa, asante, na macho yake yakiwa bado yana maji, kwa sababu anajua nyumbani kwako kuna kazi inakuita. Msimwamini sana anaposema hivyo. Amekupa ruhusa ya kwenda tu. Nenda, fanya kazi yako, na kesho urudi umwulize tena.